Mkebe wa Barwaqo na Mawe ya Bishar

"Tangazo! Wakazi wote wa Garissa, wafugaji, wafanyabiashara, watumishi wa serikali mlioletwa huku kwa adhabu, pamoja na makorongo wenye viti vya kudumu juu ya jalala la soko, mnajulishwa kwa heshima na taadhima kwamba mwana wetu, msomi wetu, taa ya mtaa wa Iftin, Mwalimu Bishar Nunow, ameitwa Ulaya! Sharti ni moja tu. Apike mawe, na mawe yaive!"

Aliyetangaza ni Abdimalik, mwenye taar, akiwa amepanda juu ya kreti ya soda mlangoni pa kibanda chake. Taar ni ile redio ya upepo ambayo watu wa kaskazini huitumia kuulizana habari za ng'ombe, nguo na ndugu, kutoka Mandera hadi Eastleigh ya Nairobi, na kila aliye na redio yake hapo katikati anasikia. Siri ikishapita kwenye taar si siri tena, ni hali ya hewa.

Bishar mwenyewe alikuwa nyuma ya umati, chaki mfukoni, akitamani ardhi ipasuke. Ardhi nayo siku hizo ilikuwa tayari kupasuka, maana ulikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino. Barabara ya Nairobi ilikuwa imeliwa na maji, simu zilikuwa zimekufa, posta ilikuwa imefungwa na karani wake amekwenda kutafuta mbuzi wake. Kilichobaki kikiingia na kutoka Garissa ni ndege za msaada na sauti ya Abdimalik.

Ujumbe ulitoka kwa Duale, binamu yake Bishar, muuza vitambaa Eastleigh. Sikio moja alikuwa ameliweka kwenye simu ya mzungu, mdomo ameuweka kwenye taar. Profesa Dimov, aliyemfundisha Bishar zamani kule Sofia, Bulgaria, sasa amehamia Uholanzi. Amepata nafasi ya mwanafunzi mmoja, na amemkumbuka Bishar. Lakini wakubwa wake wanataka ushahidi kwamba huyo mwanafunzi wa jangwani hajasahau kazi. Basi atengeneze fuwele kubwa za zeolaiti, yale mawe ya kupikwa maabara, kwa mikono yake, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Akiweza, usafiri upo: ndege za msaada hurudi Nairobi na viti vitupu.

"Kubwa kiasi gani?" mzee mmoja aliuliza. "Kama kichwa cha mbuzi?"

"Kama punje ya chumvi laini," Bishar alijibu.

Soko zima likacheka mpaka korongo mmoja akaruka.

Ili kuelewa kwa nini mtu mzima aliye na akili zake anaweza kuutundika uhai wake kwenye punje ya chumvi, ni lazima umjue Bishar. Alizaliwa Hadado, mguuni mwa ngamia, na akawa na bahati mbaya ya kuwa hodari darasani. Wakampeleka Bulgaria. Huko alipika mawe kwa miaka, akala kabichi, akajifunza kusema asante kwa lugha yenye konsonanti nyingi kuliko watu. Udaktari wake wa kemia ulipofika nusu, baba yake akafa. Akarudi kuzika.

Kurudi ndilo lilikuwa kosa. Wakati huo kila Msomali alitakiwa kuthibitisha kwamba ni Mkenya. Bishar akathibitisha. Wakamwambia athibitishe tena, na pasipoti ikabaki ofisini ili ihakikiwe. Ilihakikiwa kwa uangalifu mkubwa sana. Siku ilipotoka, nchi iliyokuwa ikimsomesha ilikuwa imebadili mawazo kuhusu nafsi yake. Serikali mpya, bendera imetolewa nembo yake, na masomo ya bure yamekwenda na hiyo nembo.

Akawa mwalimu wa kemia katika shule ya wavulana, mwenye maabara iliyokuwa na kila kitu isipokuwa vitu. Na kwa kuwa Msomali bila jina la utani ni kama ngamia bila chapa, wakamwita Nusu Daktari. Watu walimletea mbuzi wagonjwa. Akiwaambia hakusomea mbuzi, wanamjibu, "Nusu inatosha, mbuzi mwenyewe mdogo."

Hakuoa. Mama yake, Barwaqo, alimtafutia wasichana kutoka Buna na Wajir, wazuri, wenye ukoo, na mmoja mwenye meno ya dhahabu. Bishar alikataa wote kwa upole, maana aliogopa kutia mzizi. Kila mwaka alijiambia mwaka ujao ataondoka. Kila mwaka alikwenda hadi daraja la Tana, ambako polisi walimuuliza anakwenda wapi, naye akajibu kama watu wote wa huko wanavyojibu, "Nakwenda Kenya." Polisi anauliza, "Kufanya nini?" Huwezi kumwambia askari mwenye bunduki kwamba unatafuta mahali pa kupikia mawe. Anarudi, anachukua chaki.

"Haya, Nusu," Abdimalik alimwambia walipoketi kunywa chai baada ya tangazo. "Tueleze. Hilo jiwe lako linafanya kazi gani?"

"Lina vitundu ndani, vidogo kuliko kidogo. Vyote sawasawa. Mafuta mazito yanaingia, yanavunjwavunjwa humo humo, yanatoka petroli. Kinachotosha mlangoni kinapita, kisichotosha kinabaki nje."

"Wallahi hicho ni kizuizi cha polisi!"

"Ndiyo. Ila hiki hakiombi kitu kidogo."

"Basi si cha Kenya. Na ukubwa una faida gani? Kizuizi ni kizuizi."

Bishar aliiweka chai chini. Hili alilipenda. "Mkichinja ngamia mmoja wakaja wageni mia, kila mmoja anapata nini?"

"Aibu."

"Wakija wageni watatu?"

"Mapaja mazima!"

"Basi ni hivyo. Kwenye maji ya dawa, fuwele zinaanza kama vijimbegu, vichembe visivyoonekana. Vikianza vingi, chakula kinagawanyika, unapata unga. Vikianza vichache, kila kimoja kinakula na kunenepa, na kinakuwa na umbo lake zuri, kama piramidi mbili zimegandana matako kwa matako. Kazi yote ni kuzuia wageni. Usitikise, watakuja. Usipandishe moto ghafla, watakuja. Ukiacha hata vumbi kidogo, kila punje ya vumbi ni mkeka, na wageni watakaa juu yake."

Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza alitikisa kichwa. "Kazi ya kuzuia wageni! Na unataka kuifanyia hapa, kwa Wasomali?"

Alisema kweli zaidi kuliko alivyojua.

Vitu vilipatikana kwa taabu. Kostiki, yaani magadi makali, ilitoka kwa mpika sabuni. Alumini ilitoka kwenye sufuria lililotoboka, akaliyeyusha kwenye kostiki nje ya nyumba, likatoa povu na hewa kali hadi majirani wakahamisha vitanda. Silika, ule unga wa mchanga safi, ilikuwa kwenye mtungi wa maabara ambao hakuna aliyewahi kuufungua kwa kuogopa kuulizwa. Maji safi aliyapata bure: mwaka huo Mungu mwenyewe alikuwa akiyachuja na kuyamimina juu ya mabati. Na chini ya sanduku lake, amezungushia soksi za Sofia, Bishar alikuwa na chupa ndogo ya kimiminika kizito aliyokuja nayo zamani. Hicho ndicho kinachoishika alumini na kuiachilia polepole, kama bibi anayewagawia wajukuu tende. Bila hicho, fuwele kubwa hakuna. Na ndani ya chupa kilibaki cha kutosha jaribio moja.

Shida ikawa chombo. Sufuria zote za Garissa ni za alumini, na kostiki huzila kama mchwa anavyokula mlango. Chombo cha chuma kisichoshika kutu kilikuwa kimoja tu mtaani: mkebe wa maziwa wa Barwaqo.

Mkebe huo haukuwa chombo, ulikuwa cheo. Barwaqo aliupata kutoka kwa wazungu wa mradi fulani, mradi ukafa, mkebe ukabaki. Aliuzia humo maziwa ya ngamia sokoni, na watu waliwapita wanawake wengine wakaenda kwake. Mwaka ule, zaidi. Homa ya mifugo ilikuwa imeingia na mafuriko, wanyama walikuwa wakifa na watu pia, na kila mnunuzi alinusa kabla ya kununua. Wauza maziwa wengi walikuwa wamekunja mikeka. Barwaqo aliuza bado, kwa sababu moja tu: jina la vyombo vyake.

Mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa jina ambalo mwana humwita yeye, kwa hiyo wawili hawa waliitana hooyo, mama na mama, na aliyesikiliza ukutani alidhani nyumba ina wanawake watupu.

"Hooyo, naomba mkebe."

"Hooyo, utautia nini?"

"Maji na dawa. Nitaurudisha."

"Utaurudisha na jina lake?"

"Na jina lake."

Alimtazama sana, kama anayepima urefu wa njia ambayo mwanawe atakwenda. Halafu akaenda akauleta mwenyewe, akaubeba kwa mikono miwili.

Bishar aliusugua mkebe ule kama mtu anayefuta dhambi. Sabuni, kostiki, maji ya mvua yaliyochemshwa, tena, na tena, hadi ukang'aa ndani na usinuke chochote. Akaufunika kwa kitambaa safi juu ya kitanda chake, akaenda shuleni kuchuja dawa zake mbili zibaki angavu kama machozi. Aliporudi, mkebe ulikuwa palepale, kitambaa juu yake vilevile. Nyumba ilinuka moshi wa mgunga, lakini nyumba ya muuza maziwa hunuka moshi siku zote, kama vile ya mwalimu hunuka madeni. Akafunua kitambaa kidogo tu ili vumbi lisiingie, akamimina huku amebana pumzi, akafunga.

Akaufukia mkebe kwenye pipa la mchanga wa moto chini ya kibanda cha bati, na makaa ya polepole chini yake. Kisha akaanza kusubiri. Wiki zilipita. Alilinda pipa dhidi ya mbuzi, dhidi ya mvua, dhidi ya majirani waliotaka kuweka birika juu yake kwa kuwa moto upo na Mungu hapendi ubadhirifu. Punda wa maji alipopita karibu akiburuta gari lake, Bishar alimwomba mwenye punda apitie upande mwingine.

"Kwa nini? Mawe yamelala?"

"Ndiyo."

Mwenye punda akapita kwa vidole vya miguu, akampigia punda wake ishara ya kunyamaza.

Barwaqo naye alikuja jioni na chai, akaketi mbele ya pipa kama anayemlinda ngamia mwenye mimba. Siku moja alisema, "Huko Uholanzi, hooyo, kuna ngamia?"

"Kuna ng'ombe."

"Maskini," alisema, na haikujulikana anawahurumia nani.

Bishar alianza kufungasha. Alitoa sanduku uvunguni, akafuta vumbi. Alianza kuipenda Garissa, kama mtu anavyompenda mgeni aliyekwisha kuaga. Aliwasalimia makorongo. Mbuzi mgonjwa alipoletwa, alimpima homa.

Siku ya kufungua, aliubeba mkebe hadi maabara ya shule, akajifungia. Akafungua kifuniko, akamwaga maji taratibu, akachungulia chini.

Unga.

Si punje. Unga, laini kama wa muhogo, tena si mweupe, una rangi ya majivu. Aliuweka chini ya hadubini pekee ya shule, yenye jicho lililopasuka. Zilikuwepo, piramidi zake, matako kwa matako, zimekamilika, maelfu na maelfu, kila moja ndogo kama dhambi ya mtoto mchanga. Na katikati yao, vidoadoa vyeusi. Aliinama akanusa ndani ya mkebe. Mgunga.

Alimkuta mama yake akichuja maziwa uani.

"Hooyo, uliugusa mkebe?"

"Niuguse? Niliutengeneza!" Uso wake uling'aa. "Nilikuta umeuosha kwa sabuni kama mtu anayeficha jambo. Ulikuwa haunuki kitu. Chombo cha maziwa kisichonuka kitu ni kama mtu asiye na ukoo. Nikawasha mgunga mzuri, nikatia makaa ndani, nikautikisa, nikaufukiza hadi ukarudi kuwa mtu. Nikakusomea na dua humo humo ndani. Sikukwambia, nilitaka baraka ifanye kazi yenyewe. Lakini soko lote linajua. Nimemwambia hata yule Jawahir tunayeuza naye maziwa: mwanangu akifika Ulaya, moshi wangu ndio umempeleka."

Vyombo vya maziwa havioshwi kwa maji. Hufukizwa. Bishar alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alikuwa amekumbuka punda, mbuzi, mvua na vumbi la jangwa zima, akasahau kwamba amezaliwa na nani. Wageni mia walialikwa, na mama yake aliwatandikia mkeka kwa mkono wake.

Aliketi kitandani karibu na sanduku. Na hapo ndipo, kwa ukatili wa aina yake, akili yake ikaanza kufanya kazi. Masizi. Chembe za masizi ndizo zilizoanzisha fuwele. Masizi kidogo, fuwele kubwa; masizi mengi, ndogo. Mtu akipima moshi, anaweza kuchagua ukubwa anaoutaka! Hakuna aliyewahi kumfundisha hilo. Lilikuwa wazo la udaktari mzima, nusu iliyokosekana, na lilikuwa limekaa mbele yake linanuka mgunga. Alicheka peke yake. Fuwele kubwa hana, lakini ana kitu kizuri zaidi cha kumwambia profesa. Aliyafanyia mazoezi maelezo hayo njia nzima hadi kwa Abdimalik.

Kibanda kilikuwa kimejaa. Ilikuwa baada ya sala ya Ijumaa na kila mtu alitaka kusikia mawe yameivaje. Mbele kabisa, juu ya kiti pekee chenye mgongo, aliketi Barwaqo katika shuka jipya. Nyuma yake alisimama Jawahir, muuza maziwa mwenzake, aliyekuwa ametupa maziwa yake asubuhi hiyo kwa kukosa mnunuzi, mikono kiunoni, akisubiri kitu, chochote.

Taar ilikoroma. "Garissa, Garissa, hapa Eastleigh," ilisema sauti ya Duale. "Nina mzungu sikioni. Anauliza fuwele ni kubwa kiasi gani. Ova."

Abdimalik akampa Bishar kipaza sauti, akakishika mwenyewe kidogo kwanza ili watu wakumbuke ni cha nani.

"Duale, mwambie ni ndogo. Ni unga. Ova."

Kibanda kikaguna. Barwaqo akageuka. Redio ikakoroma kwa muda mrefu, na ndani ya mkoromo huo zilisikika sauti za watu wengine kwenye mawimbi yaleyale: mmoja wa Mandera akisema "maskini", mmoja wa Wajir akimwambia wa Mandera anyamaze asikie.

"Garissa, hapa Eastleigh. Walaal, ndugu yangu, sikiliza vizuri. Mzungu anacheka. Anasema hata yeye ujanani alipata unga. Anasema unga si neno. Anachotaka ni mtu anayejua kwa nini zimekuwa unga. Niseme alivyosema: fuwele kubwa hata mpumbavu hupata kwa bahati, lakini anayeweza kunieleza kilichoziharibu, huyo jina lake naliandika leo hii. Leo, walaal, wanafunga orodha leo. Basi sema. Ni nini kilichoharibu? Ova."

Bishar aliinua kipaza sauti. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa, mazuri, yanang'aa. Masizi. Mkebe. Laiti ungekuwa safi.

"Haya, mwambie!" Jawahir alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Sema, Mwalimu. Dawa ilikuwa nzima, moto ulikuwa mzima. Labda ni chombo?"

Watu wote wakamtazama Barwaqo. Mwanamke mmoja mlangoni, mwenye kibuyu cha maziwa aliyoyanunua asubuhi, alikiinua taratibu akakinusa.

Barwaqo hakugeuka kumtazama Jawahir. Alimtazama mwanawe tu, na mkononi, bila kujua, alikuwa akiukunja na kuukunjua upindo wa shuka lake jipya. "Sema, hooyo," alimwambia kwa sauti ndogo. "Mzungu anasubiri. Sema ukweli wa kisomi."

Nje, ndege ya msaada ilipita chini juu ya mabati ikielekea uwanjani. Mlio wake ulifunika kila kitu, kisha ukapungua, kisha ukaisha.

"Garissa, Garissa, uko? Anauliza kwa mara ya mwisho. Kwa nini ni unga? Ova."

Bishar akabonyeza kitufe.

"Sijui. Ova."